Msomaji wa Lindi atuambie alikuwa amekaa kiti gani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi, yule aliyeandika kwamba poka ni bahati tupu haina tofauti na kurusha shilingi, na ushahidi aliotoa ni kwamba usiku mmoja alipata ree na jeki mara tatu na mara zote tatu akaliwa mpaka akarudi nyumbani anaongea peke yake. Barua yake nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea mke wangu kwa sauti, na kuna kitu kimoja hatukukiona popote. Hajasema alikuwa amekaa wapi.

Sasa hiyo ni sawa na mkulima wa Newala aje akulalamikie kwamba korosho zake zimeenda kwa bei mbaya alafu asiseme ni mnada wa ngapi wala zilipangwa daraja gani. Utamjibu nini? Utamwambia pole, basi.

Kwa wasioijua poka niseme kwa ufupi, mana wengi huku kwetu tumekulia kwenye arubastini na lasti kadi. Hii inayochezwa sana siku hizi, ile ya Texas huko Marekani, kila mtu anagawiwa karata mbili anazichungulia mwenyewe, alafu katikati ya mkeka zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa mpigo ambazo wanaita flopu, alafu moja, alafu moja ya mwisho. Dau linawekwa kabla ya flopu, baada ya flopu, na baada ya kila karata inayofuata, jumla mara nne. Anayebeba ni mwenye karata tano bora kati ya saba, au aliyebaki peke yake baada ya wenzake wote kutupa. Na kuna wawili wanalazimishwa kuweka kabla hata hawajaona karata zao, mmoja nusu dau na mwingine dau zima, ndo blaindi ndogo na blaindi kubwa, wanafuatana kushoto kwa dila, yani mwenye zamu ya kugawa karata. Raundi ikiisha udila unahama mtu mmoja kwenda kushoto na kila kitu kinahama nao.

Huko kuhama ndo barua yangu yote.

Sisi tunacheza Mikindani, kwenye baraza la mjomba, jumamosi usiku, tukijaa tunafika tisa. Hela hakuna, nalisema mapema nisije nikatafutwa, mana Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni na sisi pale leseni tuliyonayo ni ya kuendesha pikipiki tu. Tunachezea korosho za maganda. Kila mtu anahesabiwa 100, blaindi ni moja na mbili, na kwa kuwa kilo ya korosho nzuri inatoa kama korosho 200 basi watu tisa ni kilo nne na nusu, ambazo usiku ukiisha zinarudi zote kwenye gunia la mjomba na mshindi anapakuliwa ming'oko kabla ya wengine. Dila tunamjua kwa komwe moja ya bao inayokaa mbele yake. Kuna babu jirani hataki kabisa kusikia, anasema kamari ni kamari hata mkichezea kokoto, namheshimu sana, akitoka msikitini tunafunika karata na mkeka tunampa shikamoo yake mpaka akunje kona.

Turudi kwenye kiti. Watu wa kusini mnada wa korosho tunaujua wote. Kwa miaka mingi wanunuzi walikuwa wanaandika bei kwenye karatasi wanafunga bahasha wanatumbukiza kwenye sanduku, alafu zinafunguliwa mbele ya wakulima zinasomwa moja moja, siku hizi mambo yamehamia kwenye kompyuta lakini akili ni ile ile, kwamba hakuna mnunuzi anayejua mwenzake kaweka ngapi. Sasa chukulia kuna mnunuzi mmoja karuhusiwa kuzisoma bahasha zote za wenzake ndo aandike yake. Huyo hana haja hata ya kuwa tajiri. Akiona wote wameandika bei ya uwoga anazidisha shilingi moja anabeba mzigo, akiona kuna mmoja kaandika bei ya kichaa anamwachia anaenda zake kunywa chai. Huyo ndo dila. Na yule anayelazimishwa kutaja bei yake kwa sauti huku wenzake nane wamemkodolea macho na kalamu zao mkononi hawajaandika kitu, huyo ndo anayekaa baada tu ya blaindi kubwa, sisi tunaita kiti cha kwanza, na mjomba anaita kiti cha mgonjwa.

Haya, tuchukue hiyo ree na jeki ya ndugu yetu. Tuseme zilikuwa za aina tofauti, ree ya kopa na jeki ya pau. Karata zilizobaki ni 50, na mtu mwingine yeyote pale mkekani anaweza kushika mbili kati ya hizo kwa namna 1,225. Zinazokukaba koo ni zipi? Ree mbili, namna 3. Jeki mbili, 3. Kingi mbili 6, kwini mbili 6, ree na kingi 12, ree na kwini 12. Jumla 42. Pea ndogo, yani karata mbili zinazofanana kama tisa mbili, sijazihesabu kwa sababu hizo mnakaribiana nguvu. Kwa mtu mmoja hizo 42 ni kidogo, kama tatu na nusu kwenye mia. Lakini ukiwa kiti cha kwanza nyuma yako wapo nane, na ukiwajumlisha wote nane nafasi ya kwamba angalau mmoja wao kashika mojawapo inapanda mpaka karibu robo. Yani katika kila mara nne unazopandisha dau na ree jeki toka kiti kile, mara moja hapo nyuma kuna mtu amekaa kimya anakusubiri. Ukiwa dila na wote wametupa kabla yako, waliobaki ni wale blaindi wawili tu, na ile robo inashuka inakuwa chini ya saba kwenye mia. Ree ni ile ile, jeki ni ile ile, kilichobadilika ni matako yako yamekaa wapi, samahani mhariri unaweza kulikata hilo neno.

Na ubaya wa ree jeki sio kwamba inashindwa, ni namna inavyoshindwa. Ukikutana na ree kingi unashinda kama mara moja kati ya nne, na hizo nyingine tatu mara nyingi unakuta ree imetokea kwenye flopu, umefurahi, umeweka, mwenzako kaongeza, umefuata, umefuata tena, mwisho anafunua kingi pembeni ya ree yake na wewe una jeki. Ingetokea takataka ungetupa mapema umepoteza korosho sita. Ree ndo imekumaliza.

Kwa hiyo mimi ree jeki za aina tofauti nikiwa kiti cha kwanza natupa. Natupa mchana kweupe na wananicheka. Kiti kile nacheza pea kuanzia saba kwenda juu, ree kingi, ree kwini, na kama ni za aina moja basi na ree jeki, ree kumi na kingi kwini. Basi, hakuna nyingine. Nimeshawahi kukaa na daftari la mtoto nikahesabu, karata mbili za kuanzia zipo namna 1,326 na hizo zangu ni 92, yani kwenye kila mia nacheza kama saba na zilizobaki natupa, ndo mana pale barazani jina langu ni Bwana Tupa. Viti vya katikati naongeza kidogo kidogo, pea ndogo, ile ree jeki, kingi kwini hata za aina tofauti, sio hadithi ndefu. Kiti cha kabla ya dila naanza kuwa mkorofi. Alafu komwe ikifika mbele yangu na nikakuta wote wametupa hapo sasa nacheza pea yoyote, ree na chochote, mbili zozote kuanzia kumi kwenda juu, kingi na chochote ilimradi aina moja, na zile zinazofuatana za aina moja, kumi-tisa kushuka mpaka tano-nne. Hizo nazo nilizihesabu, zinakuja 422, karibu theluthi. Mtu yule yule, usiku ule ule, kiti kimoja saba kwenye mia na kingine thelathini na kitu. Wapo wanaocheza nyingi zaidi ya hapo wakiwa dila na wanafaidi, mimi umri umeenda sitaki presha.

Watu wakisikia hivo wanadhani sababu ni idadi ya walio nyuma peke yake. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine, na kwangu ndo nusu kubwa, ni kwamba dila akishaingia anasema wa mwisho kwenye flopu na kila karata baada ya hapo, raundi tatu nzima za kuweka dau anawasikiliza wenzake kwanza. Wiki mbili zilizopita nilikuwa dila na tisa nane za shupaza, nikapandisha, shemeji kwenye blaindi kubwa akanifuata, flopu ikaja kingi, nne, mbili, hakuna hata shupaza moja, sina kitu hata cha kumrushia kuku. Shemeji akagonga mkeka, yani kapita. Nikaweka korosho sita, akatupa karata zake kifudifudi huku ananuna, na wala sikuwa na haja ya kuziona. Sasa geuza viti, mimi niwe wa kwanza kusema na tisa nane zangu zile zile, nikipita shemeji ndo anaweka sita na mimi ndo natupa nanuna.

Pea ndogo nazo zinaeleweka hapo hapo. Ukiwa na nne mbili, kupata nne ya tatu kwenye flopu ni kama mara moja kati ya nane na nusu. Mara saba na ushee unatoka kapa. Kwa hiyo unataka uingie kwa bei rahisi, na ukiipata uweze kujua nani yuko tayari kukulipa, na ukiwa kiti cha kwanza hujui bei ya kuingia itakuwa ngapi mana watu nane hawajasema bado, unaweka mbili, wa tatu anapandisha kumi, wa sita anapandisha thelathini, unatupa, korosho zako mbili zimekwenda kutembea.

Kiti ninachokichukia kuliko vyote ni blaindi ndogo. Umeshaweka moja kwa lazima, wenzako wameingia na mbili, moyo unakwambia ongeza moja tu uone flopu, moja ni nini bwana. Hiyo moja ndo inavuta ishirini. Kwa sababu kuanzia flopu mpaka mwisho wewe ndo wa kwanza kusema kila mara, hakuna kiti kibaya zaidi ya hicho baada ya flopu, hata cha mgonjwa kina nafuu. Hata wachezaji wakubwa wa dunia ukihesabu muda mrefu kwenye blaindi wanapoteza, ujuzi wao ni kupoteza kidogo kuliko wengine. Blaindi kubwa angalau kabla ya flopu anasema wa mwisho na dau lake zima lipo ndani tayari, kwa hiyo akipandishiwa anaongeza kidogo tu kufuata, anaruhusiwa kuwa mlafi kiasi.

Na mimi sikuzaliwa nayajua haya. Msimu juzi nilipata kingi na kumi, kopa zote mbili, zinang'aa kama sahani ya sherehe, kiti cha kwanza watu tisa. Nikapandisha. Wote wakatupa isipokuwa mpwa wangu aliyekuwa dila. Flopu kingi, saba, tatu. Nikaweka, akafuata. Nikaweka, akafuata. Ya mwisho nikaweka nyingi kwa hasira, akafuata tena taratibu kama mtu anayelipa nauli, akafunua kingi na kwini. Korosho 80. Siku ile nilimwambia ana bahati, maneno yale yale ya msomaji wa Lindi, na yule mtoto hakunijibu kitu, alianza kupanga korosho zangu kumi kumi. Kingi kumi za aina moja zinakuja kuwa kopa tano, ambazo zinapiga pea yoyote, mwisho wa karata zote kama mara sita tu kwenye mia, na mimi nilikuwa nimezicheza kama vile kopa tano zinanisubiri mezani.

Kuna kijana wetu mmoja wa bodaboda, kila nikimwambia atupe kumi-mbili, yani karata ya kumi na karata ya mbili, ananitajia Doyle Brunson. Ni kweli, mzee yule wa Texas alibeba ubingwa wa dunia kule Las Vegas mwaka 1976 na mwaka 1977, na miaka yote miwili karata zake za mwisho kabisa zilikuwa kumi-mbili, na miaka yote miwili alimaliza na karata tatu za kumi na mbili za namba mbili, mkono unaopiga hata pea mbili. Kijana ameishia hapo kwenye kusoma. Hajasoma kwamba pale mwisho walikuwa wamebaki watu wawili. Mkibaki wawili hakuna kiti cha kwanza cha kuwaogopa wanane nyuma yako, dila mwenyewe ndo blaindi ndogo, kila raundi uko ndani kwa lazima, ukisubiri ree kingi utamalizwa na blaindi kabla hazijafika. Kumi-mbili ya watu wawili na kumi-mbili ya kiti cha kwanza watu tisa ni majina tu yanafanana. Ila kuna jambo litamfariji ndugu yetu wa Lindi, mwaka ule wa 1976 mpinzani wake Brunson, Jesse Alto, alikuwa ameshika nini? Ree na jeki. Na flopu ikatoa ree, jeki na kumi. Ikafuata mbili, ikafuata kumi. Mtu kashika pea mbili za juu kabisa na kaondoka na hasara, kwa hiyo sisemi bahati haipo.

Ipo sana. Ree mbili zenyewe zinakuja mara moja kwenye 221, na sisi kwa maneno yetu mengi pale barazani hatufikishi raundi 20 kwa saa, usiku mzima unaweza kwisha hujaziona. Na zikija ukapambana na saba-mbili za aina tofauti, yani saba moja na mbili moja, karata mbovu kuliko zote, bado kama mara 12 kwenye mia utaliwa. Bahati inagawa karata. Lakini haikulazimishi kuingia nazo, na haikukalishi kiti cha mgonjwa ukapandisha na kingi kumi.

Nataka niwe mkweli pia kwenye upande wangu mana kuna vijana watasoma hii barua jumamosi wakawa madila wakaanza fujo. Kukaa dila sio ruhusa ya kila kitu. Hayo yote ya theluthi nimesema wote wakiwa wametupa. Kama mtu wa kiti cha kwanza kapandisha, na unamjua ni wa aina yangu anayecheza saba kwenye mia, basi ree jeki yako na komwe mbele yako ni ya kutupa vile vile, kwa sababu ukizipitia hizo saba zake nyingi zinakukaba. Akiwa ni yule wa bodaboda kapandisha, hapo kidogo tunaongea. Na hesabu inabadilika na watu, jumamosi ya mvua wakija sita badala ya tisa, anayekaa kiti cha kwanza nyuma yake wapo watano tu, ni sawasawa na mkeka wa tisa ambapo watatu wa mwanzo wameshatupa, kwa hiyo ree jeki yake ile ile inaingia, mana hatari inakuwa kama 16 kwenye mia badala ya karibu 25.

Namwomba basi msomaji wa Lindi aandike tena, gazeti litampa nafasi naamini, na safari hii kwa kila ree jeki zake tatu aseme mkeka ulikuwa na watu wangapi, dila alikuwa nani, na nani alikuwa ameshapandisha kabla yake. Akituambia mara zote tatu alikuwa dila na wote wametupa nitakubali hadharani kwamba ni mkosi tu na nitamtumia kilo moja ya korosho zilizobanguliwa kwa nauli yangu. Akiona kuandika ni usumbufu apande basi la asubuhi, Mikindani anafika kabla ya Mtwara mjini, akishuka aulizie baraza la karata la Bwana Tupa hata watoto watamleta. Aje na korosho zake 100 na ziwe kavu tafadhali, kuna mgeni alikuja na za unyevu tukazichanganya, zikaingiza ukungu gunia zima la mjomba na mpaka leo nalipa.

Bwana Tupa,
Mikindani, Mtwara